Kocha asiyecheka: jibu kwa mama wa Tanga kuhusu Ivan Lendl

Swali: Mimi ni mama wa Tanga. Mwanangu ana miaka 13 na anacheza tenisi tangu darasa la pili. Siku hizi anaangalia mechi za zamani za Andy Murray kwenye simu, na kila kamera ikionyesha watu wa Murray jukwaani namwona mzee mmoja mwenye kofia, hacheki wala hapigi makofi. Mwanangu anasema huyo ni Ivan Lendl, bingwa mkubwa ambaye hakuwahi kuchukua Wimbledon lakini akamfundisha Murray kuichukua. Mtu anafundishaje kitu ambacho mwenyewe hakukipata? Nauliza kwa sababu hapa kuna makocha wawili wanaomtaka mwanangu. Mmoja aliwahi kuchezea timu ya taifa. Mwingine hakufika popote kama mchezaji, ila watoto anaowafundisha wanapanda. Nimchukue yupi?

Jibu: Mama, salamu nyingi kwako na kwa kijana. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, lakini majibu ya mstari mmoja ndiyo yanayowafanya wazazi walipie jina la mtu badala ya kazi yake. Nivumilie basi, nipite njia ndefu inayoanzia Ostrava.

Ostrava ni mji wa makaa ya mawe na chuma katika nchi ambayo wakati ule iliitwa Chekoslovakia. Lendl alizaliwa huko tarehe 7 Machi 1960. Baba yake alicheza tenisi, na mama yake, Olga, aliwahi kuwa wa pili kwa ubora nchini kwao. Inasimuliwa kwamba mama huyo akiwa mazoezini alimfunga mwanawe kwa kamba kwenye nguzo ya wavu asije akapotea. Usimhukumu haraka, aliyeshika raketi hana mkono wa kumshika mtoto mtundu. Kijana akakua akiuona uwanja kama mtoto wa mvuvi anavyouona mtumbwi: ni kazi ya nyumbani, haina maajabu.

Mwaka 1978 alishinda mashindano ya vijana ya Roland Garros, yaani mashindano makuu ya Ufaransa, na mwaka huohuo akashinda ya vijana ya Wimbledon. Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba Lendl aliwahi kushinda Wimbledon, ila ile ya watoto. Mwaka 1980 alikuwa nguzo ya timu ya Chekoslovakia iliyotwaa Kombe la Davis, kombe la timu za mataifa, mjini Prague. Hadi hapo kila mtu aliona njia yake imenyooka.

Halafu zikaja fainali za mashindano makuu manne ya tenisi: Wimbledon, Roland Garros, US Open na Australian Open.

Ya kwanza ilikuwa Roland Garros mwaka 1981, mbele ya Björn Borg. Ilikwenda seti tano (mshindi ni wa kwanza kupata tatu), naye akaipoteza ya mwisho 6–1. Mwaka 1982 alifika fainali ya US Open, Jimmy Connors akamfunga kwa seti nne. Mwaka 1983 akarudi palepale, mbele ya Connors yuleyule, na hii ndiyo inayouma kuliko zote. Walikuwa wamegawana seti moja moja. Lendl anaongoza 5–4 katika seti ya tatu, mpira uko mkononi mwake, imebaki pointi moja seti iwe yake. Akakosea kuanzisha mpira mara mbili mfululizo. Kuanzia hapo hakupata hata gemu moja: seti ile ikaisha 7–5, iliyofuata 6–0. Mwishoni mwa mwaka, kwenye Australian Open, Mats Wilander wa Sweden akamfunga kwa seti tatu kavu.

Fainali nne kubwa, hakuna kikombe. Watu walikuwa wameanza kumsema zamani. Connors aliwahi kumwita kuku hadharani, na kwa Kimarekani kuku ni mtu mwoga. Tena si kwamba hakuwa na uwezo. Kila wiki alikuwa anawafunga watu kwenye mashindano ya kawaida kama anayevuna mahindi. Ila siku ya kikombe kikubwa mkono ulikuwa mzito.

Mwezi Juni 1984 alikutana na John McEnroe katika fainali ya Roland Garros. McEnroe alikuwa hajafungwa mechi hata moja mwaka ule, na akachukua seti mbili za kwanza kwa urahisi, 6–3 na 6–2. Wengi waliokuwa wakitazama walikwisha kuandika matokeo vichwani. Lendl akakaza, McEnroe akaanza kugombana na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye vifaa vya masikioni vya mpigapicha wa televisheni, na seti tatu zilizofuata zikaenda kwa Mcheki: 6–4, 7–5, 7–5.

Hadithi za runinga hupenda kukomea hapo, mtu akishabusu kombe. Mimi kama kocha sikomei hapo, maana Septemba ileile McEnroe alimfunga Lendl fainali ya US Open kwa seti tatu, na Juni 1985 Wilander akamfunga fainali ya Roland Garros. Hesabu ikawa fainali saba, kikombe kimoja. Kile kikombe cha 1984 kingeweza kubaki bahati ya siku moja. Alichofanya baada yake ndicho kilichomfanya awe Lendl.

Alibadilisha chakula, akafuata mpango wa mtaalamu wa lishe kwa ukali kama wa askari, wakati ambapo wachezaji wengi walikula walichokikuta mezani. Alijenga uwanja nyumbani kwake Greenwich, Connecticut, na kuwaajiri mafundi walewale waliotandika sakafu ya US Open ili nyumbani na kazini mpira uruke sawasawa. Alibeba unga wa mbao mfukoni kukausha kiganja. Alibadilisha raketi kila mipira mipya ilipoingizwa uwanjani, asije akacheza na nyuzi zilizolegea. Leo mambo hayo ni ya kawaida, lakini wakati ule walimcheka na kumwita mashine. Waliomwita hivyo wakaishia kuwa nyuma yake kwenye orodha ya ubora.

Jambo lingine alilofanya mwaka 1985 ni kumwajiri Tony Roche, Mwaustralia anayetumia mkono wa kushoto, amsaidie hasa katika mipira ya karibu na wavu. Hapa mama, tuliza macho kidogo. Roche alishinda Wimbledon ya wawiliwawili mara tano akiwa na John Newcombe. Lakini katika mchezo wa mmojammoja alifika fainali sita za mashindano makuu na kushinda moja tu, Roland Garros ya 1966. Fainali yake ya Wimbledon, mwaka 1968, alifungwa na Rod Laver. Yaani Lendl, mtu aliyechoka kufungwa fainali, alikwenda kujifunza kwa mtu aliyezijua fainali za kufungwa karibu sawa na yeye. Sidhani kama alikaa chini akapiga hesabu hiyo. Lakini huwa naikumbuka kila ninapoona klabu inatafuta kocha kwa kuhesabu vikombe kabatini.

Septemba 1985 alimfunga McEnroe fainali ya US Open kwa seti tatu na akawa namba moja duniani. Akakaa hapo wiki 157 mfululizo, na kwa jumla ya maisha yake wiki 270. Alichukua US Open 1985, 1986 na 1987, Roland Garros mara mbili zaidi, 1986 na 1987, na Australian Open 1989 na 1990. Alicheza fainali nane za US Open bila kuruka mwaka, kuanzia 1982 hadi 1989. Vikombe vyote pamoja ni 94. Ila kumbuka na upande wa pili wa daftari: fainali kubwa 19, alizoshinda 8. Mtu huyu alifungwa fainali kubwa mara 11.

Kuna doa nisilotaka kulipita kimya kwa kuwa sisi ni Waafrika. Mwaka 1983 alikwenda kucheza mechi za maonyesho Sun City, ndani ya Afrika Kusini ya makaburu, wakati wanamichezo wengi walikuwa wanakataa kukanyaga huko. Chama cha tenisi cha nchi yake kilimwadhibu. Namheshimu kama mchezaji na kama kocha. Kwa hilo sina neno la kumtetea.

Sasa Wimbledon. Uwanja wa nyasi mpira wake haupandi, unateleza chini kama samaki, na enzi hizo asiyekimbilia wavuni alikuwa anajichimbia shimo. Lendl alikuwa mtu wa mstari wa nyuma: fohendi nzito (pigo la upande wa mkono wenye raketi), mpira unaozunguka sana, mguu uliojikita. Alijilazimisha kucheza mchezo usiokuwa wake, akafika fainali mbili. Mwaka 1986 alifungwa na Boris Becker, mwaka 1987 na Pat Cash, zote kwa seti tatu. Mwaka 1990 aliiacha kabisa Roland Garros, mahali alipokuwa ameshinda mara tatu, ili apate wiki zaidi za kujizoesha nyasi. Akashinda mashindano ya Queen's jijini London, akaingia Wimbledon watu wakisema safari hii ni yake, na Stefan Edberg akamtoa nusu fainali kwa seti tatu. Mgongo ukaanza kumsumbua, na Desemba 1994, akiwa na miaka 34, akaacha.

(Kijana akitaka burudani, atafute mechi ya Roland Garros 1989 ambapo Michael Chang, mtoto wa miaka 17 aliyekuwa amebanwa na misuli hadi hawezi kusimama vizuri, alimwanzishia Lendl mpira kwa chini kama anayecheza na mdogo wake. Lendl akavurugika na kufungwa. Kuanzisha kwa chini ni halali, lakini wewe usimruhusu bado.)

Baada ya hapo Lendl alipotea. Alikuwa ameshachukua uraia wa Marekani mwaka 1992. Akacheza gofu, akafuga mbwa, akakusanya mabango ya mchoraji Alphonse Mucha, akalea mabinti ambao baadhi yao walikuwa wazuri wa gofu. Ukocha wa wachezaji wakubwa hakuugusa. Mgongo haukumruhusu kushika raketi kwa muda mrefu, na nadhani hakuwa na hamu ya kurudi kwenye viwanja vya ndege. Ikapita miaka 17.

Siku ya mwisho ya mwaka 2011 ikatangazwa kwamba atamfundisha Andy Murray. Murray, Mskoti wa Dunblane, alikuwa na miaka 24 na alikuwa miongoni mwa wanne bora duniani. Alikuwa amecheza fainali tatu kubwa, mbili dhidi ya Roger Federer na moja dhidi ya Novak Djokovic, na katika zote tatu hakupata hata seti moja. Waingereza walikuwa wanasubiri bingwa wao wa kiume wa Wimbledon tangu Fred Perry mwaka 1936, na mzigo wote huo ulikuwa umetwishwa kichwa kimoja.

Uwanjani Lendl alibadilisha mambo machache yanayoonekana. Bekhendi ya Murray, pigo la upande wa pili wa mwili, ilikuwa zawadi ya Mungu, hakuigusa. Fohendi ndiyo ilikuwa ya kusubiri: Murray alirudi hatua kadhaa nyuma ya mstari, akarudisha kila kitu, akangoja mwenzake akosee. Mbele ya watu wa kawaida hilo linatosha. Mbele ya Djokovic na Federer unangoja hadi kesho. Lendl akamsukuma aisogelee mipira mapema na kuipiga ya kuumiza, hasa pointi zinapokuwa kubwa, yaani palepale ambapo mtu mwoga hurudi nyuma. Ni rahisi kuyaandika haya. Mchezaji kuyafanya akiwa nyuma 30–40 mbele ya watu elfu kumi na tano ni kazi nyingine kabisa.

Wimbledon ya 2012 Murray akafika fainali, akachukua seti ya kwanza mbele ya Federer, kisha akapoteza tatu. Alipopewa kipaza sauti alilia mbele ya dunia. Hiyo ilikuwa fainali yake kubwa ya nne, na ya nne kufungwa. Unakumbuka Lendl alipoteza ngapi za mwanzo? Murray amesimulia kwamba kocha wake alimwambia hatacheza tena chini ya shinikizo kubwa kama lile la siku ile. Fikiri maneno hayo yangetoka kwa nani mwingine yakaaminika. Mimi ningemwambia hivyo, angenitazama tu kwa adabu. Mtu aliyeshinda fainali yake ya kwanza akiwa na miaka 19 angemwambia hivyo, yangesikika kama pole za msibani. Yalikuwa na uzito kwa sababu msemaji aliumwa na nyoka yuleyule, mara nne zilezile.

Wiki nne baadaye, kwenye uwanja uleule wa nyasi, Murray alimfunga Federer fainali ya Olimpiki 6–2, 6–1, 6–4.

Kisha US Open, tarehe 10 Septemba 2012. Murray alichukua seti mbili, Djokovic akazirudisha mbili, upepo unavuma vibaya. Na hapa nikueleze kanuni ambayo mwanao huenda haijui: katika mashindano makuu ya wakati ule kocha alikatazwa kabisa kusema na mchezaji wake mechi ikiendelea, hata ishara ya mkono ilikuwa kosa. Kuzungumza kutoka jukwaani kulianza kujaribiwa mwaka 2022 na kukaruhusiwa rasmi kuanzia 2025. Kwa hiyo Lendl alikuwa amekaa mita chache tu kutoka kwa kijana wake anayezama, na hakuwa na ruhusa ya kumrushia hata neno. Murray akaomba kwenda msalani kabla ya seti ya tano. Amesimulia mwenyewe kwamba alisimama mbele ya kioo akajisemea kwa sauti kubwa kwamba mechi hii haipotezi. Akarudi, akachukua seti ya mwisho 6–2.

Mechi ilidumu saa 4 na dakika 54, ikalingana na fainali ndefu kuliko zote za US Open. Ile nyingine ilichezwa mwaka 1988, na aliyefungwa siku ile, akapoteza pia nafasi yake ya kwanza duniani kwa Wilander, ni huyuhuyu mzee mwenye kofia aliyekuwa jukwaani. Mimi sijui mtu anafikiri nini akikaa mahali kama pale, dakika zikigonga zilezile. Uso wake haukusema. Murray alitania baadaye kwamba alimwona karibu kutabasamu.

Unaona basi ule uso wa jiwe una kazi gani. Mchezaji akiwa na wasiwasi hutazama jukwaani kama mtoto aliyeanguka anavyomtazama mama kabla ya kuamua kama atalia. Akikuta kocha anashika kichwa, amekwisha. Akimkuta Lendl, amekunja mikono kama anayesubiri basi la mchana, hapati huruma wala kelele. Analazimika kurudi kwenye tatizo lake. Wapo makocha wanaopiga kelele na wachezaji wao wanashinda, sibishi. Lakini Murray alikuwa mwepesi wa kujifokea, na jukwaa lenye moto lingemwongezea petroli.

Fainali ya Wimbledon 2013 ilichezwa Jumapili tarehe 7 Julai, siku yetu ya Sabasaba. Niliitazama Dar es Salaam kwenye mgahawa, tukiwa wanne tu wa tenisi katikati ya watu waliotaka kuwekewa mpira wa miguu. Murray alikuwa anaongoza seti mbili, na katika gemu ya mwisho alikuwa na 40–0, pointi tatu za ubingwa. Djokovic akazifuta zote tatu. Halafu Djokovic naye akapata nafasi tatu za kuivunja gemu ile, yaani kuishinda ingawa Murray ndiye aliyekuwa akianzisha mpira, Murray akazizima. Mwenye mgahawa, ambaye hakujua hata jinsi pointi zinavyohesabiwa, alikuwa ameacha kuuza soda. Pointi ya nne ya ubingwa ikaingia: 6–4, 7–5, 6–4. Miaka 77 ya Waingereza ikaisha hapo.

Waliachana Machi 2014. Murray akaenda kwa Amélie Mauresmo, bingwa wa zamani wa Ufaransa, na wajinga wengi walimkejeli kwa kufundishwa na mwanamke, ingawa chini yake alishinda kwa mara ya kwanza mashindano ya udongo, Munich na Madrid mwaka 2015. Juni 2016 Lendl akarudi. Mwezi uliofuata Murray akachukua Wimbledon ya pili, Agosti akapata dhahabu ya pili ya Olimpiki mjini Rio, na Novemba akawa namba moja duniani. Vikombe vyake vitatu vikubwa vyote alivipata yule mzee akiwa jukwaani.

Usije ukadhani basi kwamba Lendl ni dawa ya kila ugonjwa. Agosti 2018 alianza kumfundisha Alexander Zverev wa Ujerumani. Novemba kijana akashinda fainali za mwisho wa mwaka jijini London kwa kuwafunga Federer na Djokovic, tukafikiri muujiza umeanza upya. Kufika Julai 2019 wameachana, na Zverev analalamika hadharani kwamba kocha anajali mbwa wake na gofu kuliko mazoezi. Mtu yuleyule, kichwa kilekile, mchezaji tofauti. Jimmy Connors, yule aliyemwita mwenzake kuku, aliajiriwa na Maria Sharapova mwaka 2013 na kibarua kikaisha baada ya mechi moja. Upande mwingine yuko Toni Nadal, ambaye jina lake kama mchezaji hulikuti popote, na aliyemlea mpwa wake Rafael tangu utotoni. Brad Gilbert alikuwa mchezaji mzuri, alifika namba 4, lakini hakuwahi kushinda shindano kubwa hata moja. Andre Agassi alishinda makubwa sita chini yake.

Sasa nije Tanga. Swali lako ni mtu anafundishaje asichokipata. Lendl hakumfundisha Murray Wimbledon. Nyasi Murray alizijua kuliko yeye. Kilichokosekana kwa Murray kilikuwa kidogo sana na kigumu sana: namna ya kuingia fainali ya tano baada ya kufungwa nne. Hicho Lendl alikuwa nacho tele, amekilipia yeye mwenyewe.

Lakini mwanao ana miaka 13, mama. Yeye hajakosa hicho. Na hapa ndipo watu wengi wanaposoma vibaya hadithi ya Murray. Lendl alimkuta mtu wa miaka 24 aliyekwisha kamilika. Aliyemshikisha raketi ni mama yake, Judy, ambaye alikuwa mchezaji wa Scotland kisha kocha, na ambaye hakuwahi kuwa nyota wa dunia. Kuanzia miaka 11 hadi 17 alikuwa mikononi mwa Leon Smith, kocha kijana ambaye kama mchezaji hakuwa na jina. Alipofika miaka 15 akaenda kwenye kituo cha mazoezi Barcelona. Bila hao, Lendl angekuja kukuta nini?

Kwa hiyo, kwa kuegemea ulichoniandikia, mimi naelekea kwa yule wa pili, ambaye watoto wake wanapanda. Lakini usimchukue kabla hujaenda kutazama. Nenda Jumamosi mbili na kiti chako, bila kutoa taarifa. Angalia mazoezi ya kila mmoja kwa saa nzima. Angalia mtoto anapiga mipira mingapi na anasubiri kwa foleni muda gani. Angalia kama kocha anamrekebisha kila mtoto jambo lilelile, maana hiyo ni dalili ya mtu mwenye somo moja kichwani. Sikiliza kama anauliza maswali: "Kwa nini umeipiga kule?" Mtoto anayejibu maswali mazoezini ndiye atakayejua la kujiambia mbele ya kioo siku moja.

Halafu nenda siku ya mashindano, na hapo usitazame watoto wanaoshinda. Tafuta aliyefungwa, umfuate kwa macho hadi anapofika kwa kocha wake. Dakika tano hizo zitakuambia zaidi ya cheti chochote. Yupo atakayemsimulia mtoto jinsi yeye enzi zake asingepoteza mechi kama ile. Yupo atakayemwacha anywe maji, anyamaze, kisha amuulize anakumbuka nini kuhusu gemu ya 4–4.

Huyu wa timu ya taifa usimtupe. Kumuuliza hakugharimu kitu: mwulize mechi gani ilimuuma kuliko zote na alifanya nini wiki iliyofuata. Akikwambia hakuna iliyomuuma, mshukuru na uende zako. Akikusimulia vizuri, basi una mtu wa thamani kwa baadaye, mwanao akifika miaka 16 au 17 na kuanza kufungwa na watu asiostahili kufungwa nao. Kwa sasa mwombe ampigie mipira mara moja kwa wiki, na umlipe kwa kazi hiyo. Mtoto anahitaji kuujua uzito wa mpira wa mtu mzima aliyecheza kweli, na huo kocha mwingine hawezi kumpa.

Na kabla ya yote hayo, angalia nyuzi za raketi yake. Kama hazijabadilishwa tangu mwaka jana, anza na hizo.